Ukiniosha Usinifiche

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi alinipokea mlangoni akiwa ameshika mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia watoto. Zahanati yenyewe ilikuwa upande wa Ngarambe, nyumba ya vyumba viwili, na Mganga Mfawidhi ndiye mkuu wake. Hata kama aliye chini yake ni mtu mmoja tu, cheo ni hicho. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikasoma kozi ya usaidizi wa afya ya mama na mtoto, nikapewa sare. Alitundika mzani kwenye boriti, akaniambia: "Mwanamke anaingia hapa kwa njia mbili. Ana mimba, au ana mtoto mgongoni. Asiye na kimoja katika hivyo, mwelekeze dirisha la dawa."

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo kazi ilivyopangwa nchi nzima. Tulipima mimba kwa mikono, tukasikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipembe cha kuweka tumboni, tukachanja, tukachemsha vyombo kwenye jiko la mkaa. Sandukuni mlikuwa na spekula moja. Hicho ni chombo cha chuma chenye midomo miwili kama ya bata, kinachofungua njia ili mlango wa kizazi uonekane. Tulikitoa mzazi akichanika tu. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa, aliyelea na kukoma hedhi, hapakuwa na swali hata moja la kumuuliza. Mwili wake, kwa hesabu ya serikali, ulikuwa umemaliza kazi.

Baadaye nikahamishiwa delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, kijiji ambacho sitakitaja, mbele zaidi ya Nyamisati. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilishuka kwa marobota, maduka ya dawa yakafunguliwa Kibiti hata na watu wasiojua kusoma maandishi ya kwenye chupa, na zahanati tukaambiwa wananchi wachangie huduma. Wanunuzi wa kamba wa baharini nao waliingia na boti za mashine na masanduku ya barafu. Kamba aliyevuliwa asubuhi kwenye vijito vya mikoko, jioni yuko njiani kwenda Dar es Salaam. Mgonjwa alisubiri boti ya serikali, na boti ya serikali ilisubiri mafuta.

Nilifurahi kwenda huko kwa sababu ya shangazi yangu, Mwanahamisi, dada wa baba, aliyenilea. Alikuwa mkulima wa mpunga kama wote, na zaidi ya hapo ndiye mwosha maiti wa kike wa kijiji. Akifa mwanamke, ni yeye anayeitwa. Akishaona mfuo, shimo la kupokea maji ya kuoshea, umechimbwa, majani ya mkunazi na kafuri vimeletwa, hufunga mlango na wasaidizi wake wawili, na kinachoonekana ndani hakitoki. Dini imemwamrisha mwosha amsitiri maiti. Shangazi alilishika hilo kuliko watu wote niliowajua.

Siku moja tulikuwa tunapeta mchele, akaniuliza ghafla, "Hicho chuma chenu kinaona mpaka wapi?"

Nikamwambia mpaka mlango wa kizazi.

Akapeta kidogo. "Basi wapo wa namna moja," akasema. "Watu wazima. Wanavuja, wananuka, tunawajaza pamba na kafuri mpaka inakwisha. Nje wanasema kafa kwa homa, kafa kwa kurogwa. Usiniulize ni nani."

"Wengi, shangazi?"

"Mwosha ana macho, hana mdomo, mwanangu."

Nilimpelekea habari hiyo Mganga Mfawidhi wa pale, kijana mpole, na yeye akaipeleka juu. Tulijibiwa kwamba ugonjwa huo unajulikana, unaitwa saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba kuna mradi unakuja. Nashukuru kwamba ulikuja. Hasira yangu inatokana na namna ulivyokuja.

Uchunguzi wa wakati ule ulikuwa wa kukwangua ute wa mlango wa kizazi kwa kijiti, kuupaka kwenye kioo na kukipeleka maabara mjini. Mwanamke hasikii maumivu makubwa, na ugonjwa ukionekana ukiwa bado mchanga unaondolewa. Kwa kazi kama hiyo unahitaji wanawake wawepo, na unahitaji kuwaona tena kuwapa majibu. Mratibu, yaani msimamizi wa mradi ule, alipanga wiki ya uchunguzi mwezi wa tano. Mwezi wa tano mpunga unatoa maziwa. Kila mwanamke wa delta mwenye nguvu za kurusha jiwe yuko shambani, analala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, anafukuza ndege kuanzia alfajiri. Akiondoka asubuhi moja, chakula cha mwaka kimeliwa. Nilimweleza Mratibu. Akasema mradi unafunga hesabu mwezi wa sita.

Basi walikuja na maji yakijaa, wakapanga meza, wakagawa fulana zenye maandishi ya kuhimiza watu kupima mapema. Wanaume wakazivaa. Wanawake waliotokea walikuwa wachache, wengi wao wajawazito waliofikiri ni kliniki yao. Kabla maji hayajakupwa, timu ikapanda boti isije ikakwama kwenye tope. Mratibu alinisomea sentensi ya mwisho ya taarifa yake kabla ya kuondoka, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba usiomhusu: "Mwitikio mdogo. Wanawake wa delta hawana mwamko."

Neno hilo, mwamko, nimelisikia miaka yote ya kazi yangu. Anayelitumia huwa amelala usingizi wa kitanda. Wanaoambiwa hawana wameamka kabla ya ndege.

Mwaka uliofuata, Ramadhani, nilipita kwa shangazi adhuhuri nikamkuta nyuma ya nyumba anakula muhogo wa kuchemsha. Alikuwa ameacha kuona siku zake tangu mimi ni msichana. Aliponiona hakuuficha muhogo.

"Nimerudi usichana," akasema. "Marehemu mume wangu angejua asingekubali kuzikwa."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikakaa chini.

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu Rajabu. Kwanza tone, sasa kitambaa kizima. Sisali, sifungi. Funga nitazilipa Mungu akinipa uhai." Akaweka muhogo chini. "Lakini tusidanganyane, wewe na mimi. Harufu hii naijua. Nimeiosha."

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba damu ile si hedhi. Ni istihadha, damu ya ugonjwa, na mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga, hutawadha kila sala, husali na kufunga kama wengine. Na kama ugonjwa umemzidi hata kufunga asiweze, hiyo ni ruhusa ya mgonjwa, lakini sala haimtoki. Alikuwa ameacha msala miezi miwili bila sababu, na hilo lilimuuma kuliko damu. Wapo bibi wengi waliokaa hivyo, wakidhani wamerudishiwa ujana au wamepewa adhabu, na hakuna aliyewauliza. Tangu siku hiyo, nikikutana na mwanamke mtu mzima simuulizi kama anatoka damu. Hilo hatanijibu. Namuuliza kama anasali. Akisema amesimamisha sala, nakaa naye.

La pili, kwamba twende mjini.

Boti ya serikali haikuwa na mafuta. Nikamwendea mnunuzi wa kamba, akanitazama mimi na shangazi akasema, "Mama, barafu haisubiri." Shangazi akamjibu kwamba hata yeye hasubiri, tena kamba wake wamekwisha kufa na yeye bado. Yule kijana akaangua kicheko, akasogeza masanduku. Ndivyo tulivyotoka delta, tumekaa juu ya kamba mpaka Nyamisati, tukapanda gari mpaka Kibiti, tukalala, asubuhi basi la Dar es Salaam.

Hospitali ya mjini walimkata kipande kidogo cha nyama kupima, wakathibitisha. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alituambia bila kuzungusha kwamba kama ugonjwa ungekuwa mchanga angekata akamaliza. Sasa umetoka nje kidogo ya mlango wa kizazi, hivyo atautibu kwa mionzi. Mionzi ni miale isiyoonekana, inachoma ugonjwa ndani bila kisu, kila siku kidogo kwa wiki kadhaa. Shangazi alilala kwa ndugu Mbagala, akaenda kila siku, akaharisha, akakonda, akavumilia. Damu ikakatika. Daktari akasema jambo ninaloomba kila msomaji alishike: "Damu kukatika si mwisho wa safari. Urudi kila baada ya miezi mitatu, nikutazame. Ukirudi, nikiona kitu mapema, nina la kufanya."

Kijijini walimwambia amepona, anatafuta nini tena hospitali. Yeye hakuwasikiliza. Marejeo ya kwanza alikwenda, akakutwa mzima. Ya pili yakaangukia wakati uvuvi wa kamba umefungwa. Hakuna mnunuzi, hakuna mashine inayolia kwenye vijito. Tulikuwa tunatafuta mtumbwi wenye watu wa kupiga kafi tuliposikia boti. Ilikuwa boti ya serikali, Mratibu na wageni wa mradi, wamekuja kupiga picha.

Shangazi alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake. Nilisimama naye kwenye gati mpaka walipomaliza. Nafasi zilikuwepo, kwa sababu masanduku ya fulana yalikuwa yamegawiwa yote. Nikamwambia Mratibu kwamba huyu ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo uliomleta, ametibiwa, ana siku ya kurudi, namwombea kiti mpaka Nyamisati.

Akajibu kwa adabu kabisa. "Mama, boti hii ni ya uhamasishaji. Wagonjwa wana utaratibu wao."

Shangazi akamuaga, "Haya baba, safari njema," kwa sababu alilelewa vizuri. Boti ikageuka. Akaketi juu ya kifurushi chake, akaitazama mpaka ilipokata kona ya mikoko. Nilitaka kulia nikaona haya, kwa kuwa yeye hakulia.

Tulipopata mtumbwi, baada ya siku nyingi, mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuvimba na kiuno kinamuuma usiku na mchana. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akavua glavu, akanitoa nje. Hakuuliza kwa nini tumechelewa. Alikuwa amekwisha kuacha kuuliza watu wa kusini swali hilo. Tulipewa vidonge vya maumivu, tukarudi.

Sisemi kwamba kiti kile kingemponya. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Nasema alinyimwa nafasi ya kujua, na aliyemnyima alikuwa amevaa fulana inayomwambia awahi.

Shangazi alisali mpaka siku za mwisho, ameketi, kisha amelala. Siku moja akanishika kifundo cha mkono. "Mwosha huoshwa," akasema. "Utaniosha wewe. Na ukiniosha, usinifiche. Wale niliwafunika kwa sababu hawakuniruhusu. Mimi nakuruhusu."

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, maana niliogopa. Alifikiri, akaniambia sitara ni ya aibu, na maradhi si aibu. Na zaidi, mwenyewe ameusia. "Sema," akasema. "Ila usizidishe."

Nikamwosha. Baada ya mazishi, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka, nikasimama. Nikasema shangazi hakufa kwa homa wala mkono wa mtu. Nikataja ugonjwa, nikaeleza ulivyoanza, damu baada ya kukoma, harufu, kiuno. Nikasema ameniusia niseme. Kisha bibi mmoja jirani, aliyekuwa msaidizi wake wa kuosha, akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa mwanangu, sisi tukaonyeshe wapi?"

Mradi ulikuwa umefunga hesabu. Nilimtazama Mganga Mfawidhi aliyekuwa nje na wanaume, nikamfuata, nikamweleza. Akasema, "Chumba kipo, spekula ipo, tochi ninayo mimi." Tukaanza. Hatukuwa na vioo wala dawa ya kupimia. Tulitazama tu, na aliyekuwa na kidonda tulimpeleka mjini juu ya masanduku ya kamba. Siku tulizipanga kwa maji kujaa na kwa zamu za madungu, jirani akimfukuzia jirani ndege. Walikuja. Wengine walitibiwa na wako hai. Mratibu aliposikia, akaandika kwamba ni matunda ya uhamasishaji.

Nilistaafu nikiwa Kibiti. Waliniaga vizuri, soda, khanga, hotuba. Mkubwa mmoja alinisifu kwa kuwaamsha wanawake wa delta. Sikuinuka kumsahihisha, kwa kuwa ilikuwa shughuli ya watu, na huenda ndiyo sababu naandika sasa. Siku hizi mlango wa kizazi unapakwa siki, majibu hapo hapo, na wasichana wanachanjwa mapema. Nendeni, wanangu. Na ninyi mnaoshika kazi, msianze na fulana. Ulizeni kwanza mpunga uko wapi, maji yanajaa saa ngapi, na huyu mliyemtibu atarudi kwa chombo gani.

Mimi sasa ni mwosha. Wananiita njia yote hii, Kibiti na vijiji vyake. Kabla ya kufunga mlango, nawaomba wenye maiti ruhusa ya kusema, na wengi siku hizi wananipa. Mwezi uliopita nilimwosha mwanamke wa umri wangu katika nyumba moja. Nilipotoka, wanawake wakanitazama wakisubiri niseme homa.

Nikawaambia ni nini. Binti yake mkubwa akasema mama alikuwa amepangiwa kurudi hospitali, wakakosa gari.