Gunvor na Zamu za Vihesabio

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida, mke wangu Gunvor alikula uji kwa kusimama, kompyuta ikiwa juu ya ubao wa mkate. Nilimwambia akae. Hakukaa.

"Torkel kajibu," alisema.

"Anasemaje safari hii?"

"Kazi nzuri, ila mashine yake ni tofauti."

"Si ndivyo alivyosema kabla ya Krismasi?"

"Na kabla ya hapo. Atanitia wazimu huyu, mzee."

Mimi sikusoma. Nilikuwa mtunza jengo letu hapa Linköping, Uswidi, na chumba cha kufulia, chenye mashine chache na wapangaji wengi, kilikuwa mikononi mwangu. Ndiyo maana kazi yake niliielewa kidogo. Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mna vihesabio vichache, vya kuonyesha kompyuta inapotezea wapi muda. Watu wanataka kuhesabu vitu vingi, kwa hiyo lazima zipangwe zamu. Tena vingine vinakubali kihesabio kimoja tu, kama zulia lisivyoingia ila kwenye mashine kubwa. Ukiijaza soksi kwanza, mwenye zulia anakuja kunigongea mlango.

Gunvor aliandika programu ya kupanga zamu hizo. Prosesa ziko za aina tatu, kila aina na watu wake wanaoitunza, na kila kundi lilikuwa na nakala yake ya programu ya kazi hiyohiyo. Kosa likirekebishwa hapa, kule linabaki. Yeye alitaka nakala moja ya wote, kila kundi liseme tu mashine yake inakataa nini. Makundi mawili yalikubali. Torkel wa kundi la tatu akawa anakataa kwa adabu, mwaka mzima. Gunvor alikuwa keshastaafu. Alitaka hilo moja tu liishe.

"Achana naye," nilimwambia.

"Wewe uliachana na yule bibi wa juu, aliyetia kufuli lake kwenye mashine ya jengo?"

Sikuachana naye.

Mchana ule Gunvor alianguka kwenye ngazi. Moyo.

Siku ya mazishi, wakati wa kahawa, Torkel alinijia na sahani ya mkate wa uduvi.

"Pole sana, mzee Sixten. Ile kazi ya Gunvor tumeipokea. Sasa wote tunaitumia."

"Nashukuru."

"Ila nakala yangu nimeiacha pembeni. Huwezi kujua. Mashine yetu, unajua..."

"Ni tofauti."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akafikiri. "Mistari kumi hivi ya programu."

Niliweka kikombe chini. Mtu nilikuwa simjui, na tayari kanichosha.

Ile nakala aliifuta wiki ileile, nimeambiwa. Lakini pale alisimama tu, anazungusha uma.

"Gunvor alisema lolote juu yangu?"

Nikampa maneno aliyoniambia Gunvor asubuhi ile ya uji, kama yalivyotoka:

"Kama yake ni tofauti, aandike hiyo tofauti tu. Mengine ayaache. Na wewe acha kunitazama, kula, uji unapoa."