Ramani Ndani ya Soksi

Mucheke tu, mimi nimekwisha kujicheka. Juzi, darasani wakati wa somo la hesabu, nilikuwa napanga, mimi na rafiki yangu Mbuyi, safari ya kitajiri ya siku mbili: kuvuka mpaka hadi Kitwe, kulala otelini, kushinda siku nzima kwenye bustani ya michezo tuliyoiona gazetini, yenye mashine za kupanda na farasi wa mbao wa kuzunguka. Nilichora ramani na kuandika saa zote, nikaificha ndani ya soksi.

Jioni hiyo nilikuwa na baba kwenye kizuizi cha askari, njia ya Kasungami. Siku hizi sisi tuliotoka Kasai tunashukiwa kama maadui, tunapekuliwa mpaka viatu.

Askari akaivuta ramani toka soksi yangu, akasoma polepole: “Saa tatu, treni inaanguka toka juu. Saa ine, magari yanagongana. Saa tano, kupiga bunduki. Weye, nani alikutuma?”

Bunduki ikanigeukia. Baba akatetemeka.

“Ni michezo, shefu,” nikasema. “Bazungu banalipaka feza juu ya kuogopa.”

“Onyesha.”

Mbele ya wamama wote waliotoka soko, waliongoja kupekuliwa, nikapanda farasi wa mbao asiyekuwepo, nikazunguka nikiimba muziki wake. Askari hakucheka. Akasoma mstari wa mwisho:

“Baba tutamudanganya tunaenda kusali kwa mapadri.”

Baba akaacha kutetemeka. Sasa yeye ndiye aliyenigeukia.