Mwenye Pembe wa Migombani

Wiki nzima sipiti sokoni Kasulo kwa aibu, basi kisa hiki ni bora mkisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu. Jumatatu niliwasimulia wanafunzi habari za jitu la Wagiriki wa kale, lenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, lililokuwa likila watu. Walipoogopa niliwacheka, nikawaambia hakuna kitu kama hicho duniani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shule kupitia migombani, ukungu ukiwa mzito na manyunyu yakianguka. Mbele yangu nikaona kitu kinatembea kwa miguu miwili. Kilikuwa na pembe ndefu na manyoya mgongoni, na damu ilikuwa ikichuruzika. Kikaguna, kikaja upande wangu.

Nikatupa madaftari na kupiga yowe. "Zimwi! Jamani, nakufa!"

Majirani wakatoka mbio na mapanga. "Liko wapi, Mwalimu?" Nikaonyesha kwa kidole. Jiwe likarushwa, likakipata begani.

"Mnaniua kwa kosa gani?" kitu kile kikalia.

Panga lilikuwa limeshainuliwa. Ndipo ngozi ya ng'ombe, ikiwa bado na kichwa na pembe zake, ikaanguka chini. Aliyekuwa amejifunika nayo kukwepa manyunyu, akitoka machinjioni, ni mzee Ntibaza, baba wa mchumba wangu.

Akashika bega lake, akanitazama mimi peke yangu.

"Ni wewe uliyenipigia yowe?"

Neno pekee lililonijia kinywani lilikuwa, "Shikamoo, baba."

Akaokota ngozi yake, akanipa mgongo.