Mashua ya Wajawazito Iliyozimika Katikati ya Ziwa Kivu

Kilichonitoa nyumbani ni simu ya Maman Nsimire, mkunga anayeongoza komite ya kituo cha afya kisiwani Idjwi. Miezi sita nyuma niliifungia mashua yao mota ya umeme, betri na paneli za jua, ili iwalete wajawazito hospitalini Bukavu. Sasa mota ilikuwa imezimika katikati ya ziwa, na ndani mama mwenye uchungu. Walipiga kasia mpaka ng'ambo. Mtoto alizaliwa salama, lakini komite ilitaka kumfukuza nahodha, Papa Bisimwa. "Kuya utuambie ni kosa gani alifanya," aliniambia mkunga huyo. Jana yake tu nilikuwa nimerudi kutoka kazi ya Luhwindja, mgongo unaniuma. Nilikubali kwa kukosa nguvu ya kukataa.

Saa moja asubuhi nilikuwa sokoni Nyawera, mjini Bukavu, natafuta waya na fyuzi. Muuzaji alitaja bei, nami nikalipa bila kubishana, mpaka akaniuliza kama naumwa. Moto, pikipiki ya abiria, ikanishusha bandarini. Katika mashua ya abiria nilikalia mfuko wa saruji, mvua nyembamba ikinilowesha bega moja. Njiani nilimhukumu Papa Bisimwa kichwani mwangu. Mzee wa piroge, mitumbwi ya kasia, nikajisemea, amegusa asichokijua.

Saa nane mchana, Idjwi. Papa Bisimwa alinisubiri ufukweni, kofia mkononi. Mashua aliifuta mpaka ikang'aa.

"Jambo, injenieri. Iko naonekana umechoka."

"Jambo, papa. Nimechoka kweli."

Nilifungua sanduku nikapima betri. Zilikuwa zimejaa. Lakini skrini ya mfumo unaozisimamia ilisema zimebaki na asilimia kumi na tisa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeupanga uzime mota chini ya ishirini. Kumbe siku ile watu walipiga kasia juu ya betri zilizojaa. Nilikaa chini nikatazama ile namba kwa muda mrefu.

"Papa, ukishafika, unafanyaka nini na hii mashine?"

Akaonyesha swichi kubwa nyekundu ya betri. "Nafungaka hii. Kila siku. Asubui nafungula, nikirudi nafunga. Sijasahauka hata siku moja."

"Nani alikwambia ufunge?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ni weye. Ulisema: papa, mbele ya kuenda, funga byote, sawa mu nyumba."

Nilikumbuka. Sisi wa Bukavu hatutoki nyumbani bila kushusha disjonta, swichi kuu ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika hurudi kwa hasira na kuunguza televisheni. Mazoea hayo niliyabeba mpaka kwenye maji, ambako hakuna umeme wa kurudi. Swichi ikifungwa, kihesabio cha betri nacho hulala, lakini paneli huendelea kuzijaza. Ni kama mtu anayehesabu magunia yanayotoka mlangoni huku mengine yakiingia kwa dirisha la nyuma. Kila siku namba ilishuka kidogo, mpaka ikapita chini ya ishirini mbele ya mama mwenye uchungu. Niliona aibu, na uchovu wote wa wiki ile ukanishukia kwa mara moja.

Mpaka magharibi nilipiga magoti ndani ya mashua. Nilihamisha waya wa kihesabio ili kisilale tena. Nikaufundisha mfumo kuitambua betri iliyojaa, na kupiga kengele mapema badala ya kuzima mota kwa kufuata namba tu. Papa Bisimwa alinishikia tochi.

Asubuhi yake komite ilikaa kwenye baraza ya kituo. Nakiri kwamba nilitamani kusema "ni mashine tu" na kwenda zangu. Nani angejua?

"Nahodha mwingine tulisha pata," alisema Maman Nsimire. "Tunangojea tu neno yako."

Papa Bisimwa alikuwa anatazama miguu yake.

"Hakukosea," nilisema. "Alifanya nilivyomwambia, kila siku, bila kuruka. Kosa ni langu. Nyani haoni kundule, maman."

Mkunga akasema, bila hasira, "Yule mama alilia hapo kati, injenieri. Bukavu utarudi mu hii bato. Utakaa pa ile pahali alikuwa amelala."

Saa nne tuliondoka kwa mashua hiyo. Nilikaa kwenye godoro la wagonjwa, lililofunikwa plastiki, nikaliona ziwa kama wanavyoliona wao: anga, na mgongo wa nahodha. Katikati ya maji Papa Bisimwa aligeuka. "Ilikuwa hapa," alisema. Mota iliendelea.

Bandarini Bukavu alifunga kamba, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi nyekundu. Ukasimama hapo.

"Nifunge ao niache?"

"Acha, papa. Na unisamehe."

"Ilisha isha," alisema, akaweka kofia kichwani.

Tangu hapo, nikiitwa kwa chombo kilichogoma, huuliza kwanza watu walifundishwa nini, na nani. Mara nyingi mwalimu ni mimi.