Siku Nyasi za Kanisa Zilipotupaka Miguu

Jambo hili nililifanya nikiwa na mvi zangu zote kichwani, mzee wa kanisa, mwalimu wa lesoni ya Sabato, somo letu la Biblia la Jumamosi, kwa miaka mingi, na hadi leo nikikutana na baadhi ya waumini wetu hapa Gesima wao hunitazama miguu kwanza ndipo wanitazame uso. Mke wangu ananishauri ninyamaze. Lakini wengine wakisimulia huongeza chumvi, kwa hivyo heri niseme mwenyewe, na mtakaocheka nimewasamehe mapema.

Mbele ya kanisa letu kuna kiwanja cha nyasi, si kikubwa, labda kama madarasa manne ukiyapanga pamoja. Ni akina mama waliokipanda, mke wangu Mama Moraa akiwa mmoja wao, wakabeba vishina vya nyasi kwa magunia na kuvichomeka kimoja kimoja kwenye matope kwa vidole. Watoto hukaa hapo kwa shule yao ya Sabato, maharusi hupigia picha hapo. Basi mwaka jana, katikati ya masika, nyasi zikaanza kuwa manjano. Sasa fikiria, huku kwetu mvua hainyimi mtu, karibu kila alasiri inanyesha, hata nguzo ya ua ukiichomeka leo kesho kutwa ina majani, iweje nyasi zififie kama ziko jangwani?

Katika baraza la kanisa, mzee mwenzangu Nyabuto (mtu mwema, lakini anapenda kila kitu kiishe leo) akasimama.

"Ndugu zangu, tung'oe hizi nyasi tuweke kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini. Kabro haiugui."

Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikamwona Mama Moraa, ambaye ni shemasi, ameinama anaangalia vidole vyake, na hapo nikajikuta nimesimama.

"Nipeni mpaka Sabato ya Ushirika," nikasema. "Nyasi hizi zitakuwa kijani, na zisipokuwa, kabro ya kwanza nitaibeba mimi."

Baraza likakubali. Majuma manne.

Tulipotoka, Dada Kwamboka akanisimamisha langoni. Yeye hulima mboga kule bondeni, na kwa umri ni mdogo kuliko binti yangu wa pili.

"Mzee, kabla hujatibu, chimba kidogo uone kuna nini chini."

"Kwamboka, mimi nimelima chai kabla hujazaliwa. Kitu kikiwa manjano kina njaa."

"Sawa, Mzee. Lakini hata mtoto halii kwa njaa kila mara."

Nikacheka, nikampa mkono, nikaenda zangu. Ninawaambia, aibu yangu yote ilianzia pale langoni. Kuchukua jembe na kuchimba shimo la dakika tano nilikuona kazi ya mtu asiyejua kilimo.

Asubuhi iliyofuata nilibeba mbolea iliyobaki shambani kwangu, ile ya chai, nikaitupa kwa mkono kama nitupavyo kwenye mistari ya chai, hatua, konzi, hatua, konzi, na kwa kuwa nilikuwa na ari nikaongeza konzi la pili. Umande ulikuwa bado kwenye majani, mbolea ikanata. Nikaomba, nikaenda nyumbani nikiisubiri mvua ya alasiri iiyeyushe. Siku hiyo, ndugu zangu, mvua ambayo haikosi ilikosa. Jua liliwaka kama la ziwani, siku hiyo na ya pili yake, na siku ya tatu kiwanja kilikuwa na madoa ya kahawia kila hatua moja, kutoka langoni mpaka ukutani na kurudi. Nyabuto alikuja, akayafuata madoa yale kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Hapa Mzee alitembea vizuri," akasema. "Hapa alichoka. Na hapa, naona, alisimama akaongeza."

Nikazidi kukaza moyo. Nilinyunyiza majivu, nikamwaga samadi, nikafyeka nyasi fupi kabisa nikidhani zitachipua upya (nazo zikawa mbaya zaidi), na kila jioni nikapita pale nikiwa na Biblia kwapani, nikijifanya ninapita tu. Majuma yakaisha. Alhamisi kabla ya Ushirika kiwanja kilikuwa manjano, kahawia na matope. Nikaenda mjini Keroka.

Katika duka la vifaa vya ujenzi nikaona pakiti za ile poda ya kijani ambayo watu huichanganya na saruji.

"Mzee, unatengeneza sakafu?" kijana wa duka akaniuliza.

"Ni kama sakafu," nikasema. Mimi! Niliyefundisha amri ya tisa, ile ya kutosema uongo, juma lililopita.

Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, nilikoroga ile poda kwenye pampu ya kupulizia dawa, nikatia sabuni kidogo ili ishike, nikakipuliza kiwanja chote. Nilijiambia si udanganyifu, ni kuzisitiri tu nyasi mpaka zipone. Kisha nikamwomba Mungu azuie mvua usiku huo, naye akaizuia. Tangu siku ile naogopa kidogo kujibiwa maombi upesi.

Sabato asubuhi kiwanja kilikuwa kijani kiasi cha kutisha. Wageni walikuja hata kutoka Kebirigo, wote wakasimama kukisifu. Mama Moraa alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Baba Moraa, nyasi hizi hazinuki nyasi." Nikamwambia tunachelewa.

Nilidhani watu wataingia, watashiriki, watarudi kwao. Lakini kwa wasiojua desturi yetu, kabla ya mkate na divai tunafanya huduma ya unyenyekevu, yaani tunatawadhana miguu, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao, na ukiwa umekosana na mtu ndiye unayemtafuta. Siku zote wanaume hutumia chumba cha nyuma. Siku hiyo mchungaji akasimama, akatabasamu, akasema, "Kwa kuwa Mungu ametupa nyasi nzuri namna hii, wanaume tutawadhane hapo nje."

Nikamfuata mbio mlangoni. "Mchungaji, nyasi zina umande."

"Umande saa tano, Mzee?"

Akatoka. Wanaume zaidi ya thelathini wakatoka nyuma yake, wakavua viatu na soksi, wakatembea kutafuta nafasi kwenye mabenchi, na mimi nikabaki mlangoni nikihesabu hatua zao. Ndipo Nyabuto akanijia na beseni na taulo jeupe begani.

"Ndugu Ombati, leo ni mimi na wewe."

Akaketi. Nikapiga magoti. Nikautia mguu wake majini, na maji yakageuka kama supu ya mboga ya managu. Nikausugua, nikaukausha, taulo likawa kijani. Nikabadilisha maji. Alipokuwa akisubiri nimtawadhe mguu wa pili aliukanyagisha ule wa kwanza kwenye nyasi, ukarudi kijani, nikaanza upya.

"Ndugu," akasema kwa sauti ya chini, "unanitawadha au unanipaka?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja mgeni benchi la pili akainua wayo wake juu ili wote wauone.

"Hii ni dawa! Wamepulizia dawa ya kuua magugu! Jamani, nina kidonda!"

Mabeseni yakapinduka. Watu wazima, wengine na makoti, wakakimbilia bomba wakirukaruka kama wanaokanyaga siafu, na kadiri maji yalivyomwagika ndivyo kijani kilivyopanda mpaka kwenye vifundo na pindo za suruali. Wanawake wakatoka kuona. Mchungaji alikuwa ameshika soksi zake nyeupe ambazo hazikuwa nyeupe tena. Yule mgeni alikuwa akitetemeka kweli, na hapo nikajua siwezi kunyamaza, kwa sababu aibu yangu ni yangu lakini hofu yake haikuwa haki yake. Nikapanda juu ya benchi.

"Si sumu!" nikapaza sauti. "Ni rangi ya sakafu. Niliipaka mimi, jana."

Kisha mtoto mmoja akacheka, na kanisa zima likamfuata. Nyabuto peke yake hakucheka.

"Ulizipaka nyasi rangi?"

"Nilizipaka."

"Ili nisilete kabro?"

"Akina mama walizipanda kwa vidole, ndugu. Sikujua njia nyingine."

Akajaza beseni upya, akapiga magoti katika ule mchafuko, akasema, "Keti. Lete mguu." Alinitawadha polepole mpaka katikati ya vidole, na kijani hakikutoka chote, na machozi yangu hayakusaidia.

Jumapili alfajiri nilikwenda bondeni kwa Kwamboka, nikavua kofia, nikamwomba aje. Alikuja na jembe. Alichimba mahali pamoja tu, kina cha mkono, na shimo likajaa maji mbele ya macho yetu, na harufu ikatoka kama ya yai bovu. Akavuta mzizi, ulikuwa mweusi na unateleza.

"Nyasi zako hazina njaa, Mzee. Zinazama." Akaonyesha juu. Tangu tulipoweka mabati mapya bila mifereji, maji yote ya paa yalikuwa yakiangukia kiwanjani, na magari ya wageni yakaishindilia ardhi isipenyeze tone.

Baraza lilipokutana nilijitolea kubeba ile kabro ya kwanza kama nilivyoahidi. Nyabuto akainuka. "Mgonjwa hakutibiwa bado," akasema. "Alipakwa tu. Tumpe robo moja ya mwaka, ya haki." Mama Moraa akanyoosha mkono wa kwanza kuunga. Basi tukaweka mifereji, tukachimba mtaro mpaka korongoni, Nyabuto upande mmoja na mimi mwingine, tukakitoboatoboa kiwanja kwa jembe uma na kujaza mchanga kwenye matundu, na nyasi tukaziacha ndefu kidogo zipumue. Sikutupa hata konzi moja mpaka Kwamboka aliposema sasa.

Nyasi zimerudi, na kabro haikuja, namshukuru Mungu. Nimeapa kwamba kitu kilicho hai nitakichimba kwanza, na sitakipaka rangi tena maadamu nina pumzi. Kwenye kona ya chini bado kuna manjano, kiasi cha mkeka mmoja. Wageni wakifika ninawapeleka pale kwanza, ninawaambia, "Hapa bado panaumwa," ndipo tunaingia kanisani.