Samli ya Mama Limi

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyewatembeza abiria kwa miguu mbele ya lori, usiku, kwenye tope, na sina wa kumsingizia.

Nilitoka Morogoro kwa treni, nikabadili Tabora, nikashuka Shinyanga mguu umevimba, kisha nikapanda lori juu ya magunia ya chumvi hadi Geita (miaka ile ya hamsini sikuweza kukaa mji mmoja misimu miwili). Huko nikawa fundi wa lori la mfanyabiashara mmoja. Dereva alikuwa Mzee Masanja, na aliyetupikia uani ni Mama Limi.

Siku moja taa za mbele zikaanza kufifia. Nilikuta maungio ya nyaya yameota kutu ya kijani, nikayasugua kwa msasa mpaka yakang'aa. Yalibaki kupakwa grisi na kufungwa utepe wa mpira, lakini vyote vilikuwa vimeisha, na mimi nilikwishajigamba kwamba kazi itaisha siku hiyo hiyo. Basi nikamwendea Mama Limi, nikamwomba samli kidogo, nikasema ni ya kulia ugali, kumbe naenda kuipaka kwenye nyaya. Taa zikawaka vizuri, nikapiga mluzi.

Kesho yake mchana Mama Limi akaletewa habari kuwa baba yake yu mahututi huko Kahama, anamwita. Tukaondoka naye na abiria wengine. Mvua ikatuchelewesha, giza likaingia, Masanja akawasha taa: moshi, halafu giza tupu.

"Globu hizo," nikasema kwa sauti ya kitaalamu. Nikabadili globu. Kimya. "Basi betri." Nikakaza betri. Kimya. Masanja akashuka na kandili, akainama, akanusa.

"Fundi, mbona taa yako inanuka jikoni?"

Panya walikuwa wamefuata samli usiku, wakatafuna na kitambaa kilichozifunika nyaya, zikabaki uchi, zikagusana na kuungua hadi ndani, na waya wa akiba sikuwa nao. Abiria wakacheka.

"Zikaange na vitunguu!" akapiga kelele mmoja.

Mama Limi hakucheka. "Uliniambia ni ya ugali," alisema, basi.

"Mayu, mama yetu, tutafika," Masanja akamwambia. Tukatangulia kwa zamu na kandili, lori likitufuata kama ng'ombe mgonjwa. Mama Limi alikataa kupumzika. Alishika kandili zamu yake na zamu za wenzake, na kila niliponyoosha mkono nimpokee, alinipita.

Tulifika jua limetoka. Mdogo wake alitupokea mlangoni. "Dada, amesikilizia mlio wa lori usiku kucha. Amekata roho alfajiri."

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonishinda. Mama Limi aliporudi Geita baada ya matanga, sahani yangu iliwekwa kama kawaida, nami nikaiacha ilivyo. Nikafunga mzigo. Asubuhi ya kuondoka alinifuata kwenye lori la Shinyanga, akaniwekea kibuyu kidogo mapajani.

"Hii ni ya kula, fundi."

Nilipanda treni nacho, sikukifungua. Nimepita miji mingi tangu hapo, na sijaunga tena waya bila grisi na utepe, wala kumdanganya anayenipikia; ila samli, hadi leo, siwezi kuitia mdomoni.