Faustina na Gitaa la Chini ya Ndoo

Ukipita Ilula kwa basi, mwanamke atakayefika dirishani kabla ya wenzake wote, ndoo ya nyanya kichwani, ni Faustina, mama Blessing kwa majirani. Ana miaka arobaini na kidogo, ana mdomo, na anajua kupanga ndoo: zile kubwa nyekundu juu, nyingine chini zikajifiche. Usimlaumu, Ilula nzima inapanga hivyo.

Tena ni mpiga gitaa wa kwaya ya Kilutheri. Na hapa ndipo watu hushika vichwa: anapenda metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaofoka. Lori la mbao kutoka Mafinga liliharibika mbele ya meza yake, dereva akaacha redio ikipiga hadi jioni, basi, habari yake ikaishia hapo. Kila Jumamosi akawa anaazima gitaa la kanisa, anateremsha nyuzi zote chini kabisa, ananguruma nalo nyumbani, kisha anazirudisha.

Jumamosi moja akasahau kuzirudisha. Kesho yake kinanda kilikuwa kwa fundi, kwaya ikalifuata gitaa, na gitaa likawapeleka shimoni. Akina mama wa sauti ya kwanza walibaki wanapumua tu. Aliyeimba akitabasamu ni Mzee Samwel wa besi peke yake. Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya, Anania, akafunga gitaa kabatini.

"Mama Blessing, hili hutaligusa tena. Ukitaka kupiga, njoo na lako."

Iliuma. Kusimama na sauti ya kwanza mikono mitupu kulimliza kweli, kwa siri, nyuma ya matenga. Akakusanya pesa ya msimu mzima wa nyanya, akapanda basi la Mbeya. Akikosea kuchagua, gitaa jingine hadi Mungu apende.

Pale Mwanjelwa yupo Yunusu, anayeuza vyombo vya muziki vya mitumba. Alimshushia gitaa jekundu linalong'aa, lililotundikwa mlangoni, lenye mkono wa kuyumbishia sauti.

"Hili ndilo la metali, mama. Liangalie lilivyo."

Faustina alilipenda, asikudanganye mtu. Pesa ilikuwa imeshatoka kwenye kitenge. Lakini akasema ngoja kwanza, akaulegeza uzi mnene. Mara nyuzi nyingine zikapanda zenyewe, maana chuma kilichozishika kilikaa juu ya springi. Akarekebisha huku, kule kukaharibika. Akaligeuzageuza tena, akaanza kucheka.

"Kaka Yunusu, hii nyanya ya juu. Nitolee za chini."

Yunusu naye ni mtu wa biashara, hakuhitaji kufafanuliwa. Akacheka, akainama chini ya meza, akavuta gitaa jeusi lililochubuka, shingo yake ndefu kuliko ya lile jekundu, chuma chake kimekazwa kwa skrubu wala hakitikisiki.

"Hili hawalitaki. Halina sura."

Wakalifunga nyuzi nene, Faustina akaziteremsha zote. Hazikulegea. Akalichomeka kwenye spika ya duka, akapiga mara moja, mabati yakaitikia, na muuza vitenge wa jirani akaja kuchungulia kulikoni. Hata bei hawakubishana sana.

Wiki ile ile Anania akatokea mezani kwake Ilula, akijifanya anataka nyanya.

"Kamwene, mama Blessing."

"Kamwene, mwalimu. Ndoo nzima au kikopo cha sado?"

Anania akashika nyanya moja, akairudisha. "Wazee wa besi wamegoma. Mzee Samwel anasema ameimba tangu ujana wake, na siku aliyojisikia yumo kwenye kwaya ni ile uliyotuharibia. Wanataka nyimbo zishushwe. Si mpaka kule shimoni, ila zishushwe."

"Si mna gitaa kabatini?"

"Nimelishusha, nyuzi zinalegea, linalialia tu." Akakohoa kidogo. "Nasikia lako halilegei."

Faustina alitamani kumzungusha japo kidogo, amlipizie yale machozi ya nyuma ya matenga, akashindwa. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Akainua ndoo yake, akaimimina yote mezani, za juu na za chini zikachanganyika mbele ya macho ya mwalimu.

"Chagua mwenyewe," akamwambia. "Jumapili nakuja nalo."